Mdogo wangu, anzia mwaloni

Umeuliza uanze na nadharia ya maigizo ya jamii au uingie moja kwa moja kwenye maigizo na wenzako wa Kirumba, Mwanza, kwa kuwa mnataka kuzungumzia maisha ya akina mama wa dagaa. Nakushauri, mdogo wangu, nadharia na vitendo viende pamoja.

Kasome kuhusu mradi wa maigizo wa kijiji cha Malya, Kwimba, hapo hapo mkoani kwenu. Mwaka 1982 na 1983 mwandishi wa tamthilia Penina Muhando na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliwauliza wanakijiji shida zao kwanza, ndipo mchezo ukatengenezwa pamoja nao, kwa ngoma zao wenyewe. Kisha msome Augusto Boal, mtu wa maigizo wa Brazili: kwake mtazamaji anaruhusiwa kusimamisha mchezo na kuingia kuigiza.

Hilo nimeliona. Tulicheza mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki: mchuuzi anapunjwa na mwenye mtumbwi, naye kanyamaza. Mama mmoja akatua beseni, akavua kanga ya mwigizaji wetu mabegani, akajifunga yeye. "Hesabu ndoo mbele yangu," akasema. Mwigizaji wetu aliyecheza mwenye mtumbwi alikosa jibu. Wiki nzima ya mazoezi hatukuwahi kuipata sentensi ile.

Kwa hiyo kabla ya kuandika mstari wowote, nendeni mwaloni alfajiri, msikilize. Ombeni ruhusa kwa uongozi wa pale, na msitaje jina la mtu. Chuo, kama TaSUBa, taasisi ya sanaa kule Bagamoyo, kitakufaa baadaye. Ila mkimaliza kucheza msikimbilie daladala; kaeni, maana mazungumzo yanayofuata ndiyo kazi yenyewe.