Muigizaji mmoja wa Misri wa kuanza naye? Kwangu ni Ahmed Zaki

Mkuu umesema umeshamuona Omar Sharif kwenye muvi za wazungu na umecheka sana na Adel Imam, sasa unataka muigizaji mmoja tu ambae ukimfuatilia utaijua Misri yenyewe. Mi nimekaa Cairo miaka minne nasoma chuo cha Azhar na jibu langu toka nipo kule ni hilohilo, Ahmed Zaki.

Nilivyomjua ni hivi. Kiarabu nilichotoka nacho nyumbani kilikua fusha, cha vitabuni, na mtaani Madinat Nasr watu wanaongea kingine kabisa. Ustadh mmoja akatuambia tutafute tamthilia ya 1979 inaitwa Al-Ayyam tuwe tunaangalia kidogokidogo kila usiku. Ni maisha ya Taha Hussein, mtoto wa kijijini aliyepofuka akiwa mdogo sana, akahifadhi Kurani, akaja Azhar, akaishia kuwa bingwa wa fasihi na waziri wa elimu, na Ahmed Zaki ndo kacheza Taha. Chumbani tulikua watano na mmoja wetu haoni, kwahiyo yeye alikua anasikiliza tu. Siku ya tatu hivi akauliza, huyu muigizaji ni kipofu kweli? Tukamwambia hapana. Akasema basi amekaa na vipofu, maana anasubiri mtu amalize kabisa kuongea, anampa nafasi kidogo, ndo anajibu. Sisi wenye macho tulikua tunaangalia shingo na mikono hatukuwahi kuligundua hilo. Toka siku ile nikawa natafuta kila kitu chake.

Sasa kuna jambo inabidi ulijue kabla hujaanza kuangalia. Zaki ni mtu wa Zagazig, mkoa wa Sharqia, baba alifariki yeye akiwa bado mchanga, mama akaolewa kwingine, akalelewa na ndugu. Akaja Cairo akasoma chuo cha maigizo, akatokea kwenye ile igizo maarufu la Madrasat al-Mushaghibin pamoja na kina Adel Imam na Saeed Saleh, wenzie wote wanachekesha yeye ndo mwanafunzi masikini mwenye huzuni. Kipaji kinaonekana wazi, tatizo likawa rangi. Ni mweusi kwa kipimo cha masteringi wa kule, nywele ngumu, na zama zile steringi lazima awe mweupe mwenye sura ya mjini. Mwaka 1975 ilikua acheze muvi ya Al-Karnak na Soad Hosny, malkia wa sinema zao, akatolewa kwasababu msambazaji hakuamini watazamaji watakubali Soad ampende mtu wa rangi ile, nafasi akapewa Nour El-Sherif. Ilimuumiza vibaya sana. Miaka kumi baadae, 1985, Soad huyohuyo akacheza nae tamthilia nzima ya Huwa wa Hiya wakiwa wao wawili ndo kila kitu. Mimi mwenyewe ni mweusi tii, nimepanda mabasi ya Cairo, najua neno gani unaitwa na watoto wa mtaani, kwahiyo kumuona mtu yule anajaza skrini kulikua na maana kwangu kuliko nitakavyoweza kueleza hapa.

Na alipopata nafasi hakukimbilia kujifanya bwana mkubwa, akacheza watu wa chini. Bondia anaehamia Ujerumani kwenye An-Nimr al-Aswad, 1984. Halafu Al-Bey al-Bawwab, 1987, ndo bawabu. Kwa ambae hajafika kule, karibu kila jengo lina bawabu anaishi pale chini na familia yake, anafungua mlango, anabeba mizigo, anajua siri za ghorofa zote. Zaki kacheza bawabu alietoka kijijini anageuka dalali wa nyumba na kushika pesa, huku wapangaji wenye digrii wanamtegemea. Bawabu wetu alikua mtu wa Aswan, mzee mwenye heshima zake, ilipoonyeshwa hio muvi akatuita wote tukakaa nae kwenye benchi lake, na kila Zaki akiinuka kupokea mfuko wa mtu mzee anasema "bizzabt", yaani ndivyo hasa, ndivyo tunavyoinuka.

Mwaka huohuo kuna Zawgat Ragul Muhimm ya mdirekta Mohamed Khan, hapo Zaki ni afisa wa usalama aliyelewa madaraka, halafu yanakuja maandamano ya mkate ya 1977 na cheo kinaondoka ila yeye hawezi kukivua. Mwisho wake siusemi. Na Didd al-Hukuma, 1992, wakili anaeishi kwa kesi za fidia za wahanga wa ajali, hadi basi la shule linagongwa na treni na mmoja wa watoto ni wake.

Watu wengi watakutajia za marais, Nasser 56 ya 1996, nyeusi na nyeupe, kuhusu kutaifishwa kwa Mfereji wa Suez, na Ayyam as-Sadat ya 2001. Ni nzuri, hasa ya Nasser, hafanani nae kivile ila ile sauti utadhani unasikiliza redio ya 1956. Ila mi nasema ziache baadae. Ya mwisho ni Halim, kacheza mwimbaji Abdel Halim Hafez, ambae nae ni yatima wa Sharqia, na wakati wa kurekodi Zaki alikua na saratani ya mapafu, akafariki Machi 2005 kazi haijaisha. Mwanae Haitham ndo kacheza Halim akiwa kijana, muvi ikatoka 2006. Haitham nae ameshatangulia, 2019.

Kwahiyo anza na Al-Baree', 1986, ya Atef El-Tayeb, imeandikwa na Wahid Hamed. Kijana wa shamba asiyejua kusoma anaingizwa jeshini, anapelekwa kulinda gereza jangwani, anaambiwa waliomo ndani ni maadui wa taifa na anaamini kabisa, anawapiga kwa moyo mmoja, mpaka siku linashuka kundi jipya na ndani yake yumo rafiki yake wa kijijini, msomi pekee aliyewahi kumtendea wema. Angalia uso wa Zaki hapo. Mwisho wa muvi ulikatwa na serikali, ukaja kuonyeshwa kamili 2005 baada ya yeye kufariki. Ukiipata na inaishia kwenye yowe tu pale juu ya mnara, ujue umepata ile iliyokatwa, tafuta nyingine.