Kuainisha mito kwa kemia ya maji: bikaboneti ipime mwenyewe, pale pale mtoni

Ndugu mleta uzi, mpango wako nimeusoma wote, na kuna mstari mmoja ambao siwezi kuupita kimya. Umeandika kwamba utapita kwenye vijito vya kati ya Kisangani na Yangambi huko Kongo, utajaza chupa moja kwa kila kijito, utatia asidi ya nitriki ili sampuli isiharibike, kisha utazituma chupa zote kwenye maabara ya nje ya nchi zikapimwe ioni zote (chembe zilizoyeyuka zenye chaji ya umeme) kwa pamoja, na majibu yakirudi utaigawa mito yako katika maji meupe (yenye matope), maji meusi (ya rangi ya chai) na maji maangavu. Hiyo chupa moja yenye asidi ndiyo itakayokula mwaka wako. Maswali yako mengine, yaani kifaa gani ununue, vituo viwe vingapi na msimu upi unafaa, nitayafikia siku nyingine.

Asidi hiyo ni halali kabisa kwa kalsiamu, magnesiamu, sodiamu na potasiamu, kwa sababu huzuia metali kunata kwenye kuta za chupa au kutuama chini. Bikaboneti, ile ioni hasi inayozaliwa kaboni dioksaidi iliyoyeyuka majini inapokula miamba, ni jambo jingine. Ikikutana na asidi hugeuka kuwa kaboni dioksaidi na kutoroka hewani, na hakuna mashine duniani itakayoipata tena ndani ya chupa hiyo. Naitreti nayo sahau, maana umeimimina mwenyewe kutoka kwenye chupa ya asidi. Kwa hiyo utakuwa umepeleka mbali sana, kwa nauli ya ndege, sampuli ambayo haina tena ile ioni hasi ambayo ndiyo uti wa mgongo wa uainishaji wa mito.

Mimi nilifanya hivyo hivyo, neno kwa neno. Aliyenielekeza ni fundi mmoja mkongwe, ambaye simtaji kwa kuheshimu mvi zake tu, aliyenihakikishia kwamba chupa mbili ni ufujaji na kwamba maabara "wataipata tu" bikaboneti. Na kweli waliipata. Ripoti ilirudi ikiwa na safu ya bikaboneti iliyojaa kuanzia kijito cha kwanza hadi cha mwisho, na pembeni yake safu ya kosa la mizani ya chaji ikisoma sifuri mstari kwa mstari. Kwa asiyejua, mizani ya chaji ni ile hesabu ya kujumlisha chaji zote chanya na chaji zote hasi ili kuona kama zinalingana. Maji hayana umeme wa ziada, kwa hiyo zisipolingana, kuna kitu hukukipima au umekipima vibaya. Katika maji ya kawaida, tofauti ya asilimia 5 inakubalika, na katika maji mepesi sana, yaani yenye chumvi kidogo mno, kama ya vijito vya msituni watu huvumilia hata asilimia 10. Mimi nilikuwa na sifuri tupu. Msimamizi wangu alinisifu mbele ya wenzangu, nami kwa wiki kadhaa nilikuwa naitikia salamu kwa uzito kama mzee wa baraza.

Laiti ningesoma maelezo yaliyoandikwa kwa herufi ndogo kwenye ukurasa wa mwisho! Yalisema kwamba bikaboneti "imekokotolewa kwa tofauti". Maana yake ni kwamba walijumlisha chaji chanya, wakatoa kloraidi na salfeti, na chochote kilichobaki wakakibatiza jina la bikaboneti. Mizani iliyotengenezwa kwa namna hiyo haina budi kutoa sifuri, hata kama ndani ya chupa ungeweka mchuzi wa samaki. Hapo ndipo hasira yangu inapoanzia hadi leo: maabara inayouza huduma ya upimaji inajaza kwa kutoa na kujumlisha safu ambayo haijaipima, halafu inakutoza ada ile ile kama ya safu zilizopimwa. Niliwaandikia nikiuliza, wakanijibu kwamba huo ndio utaratibu wao na kwamba ulikuwa umeelezwa kwenye ripoti. Ulikuwa umeelezwa kweli, kwa herufi ambazo hata siafu angehitaji miwani kuzisoma.

Aliyenivua nguo ni mtahini. Alifungua daftari langu la uwandani, akaonyesha kijito kimoja ambacho nilikipima pH (kipimo cha uasidi: 7 ni katikati, chini yake ni asidi) mwenyewe pale pale ukingoni na kupata 4.6, kisha akafungua jedwali langu safi na kuniuliza bikaboneti nyingi kiasi hicho inaishije kwenye maji yenye pH hiyo. Swali hilo halina jibu. Katika pH ya 4.6, chini ya sehemu 2 kati ya 100 za kaboni isokaboni iliyoyeyuka ndizo zinazokuwa bikaboneti, na karibu yote iliyobaki ni kaboni dioksaidi. Namba zote mbili zilikuwa zangu na zilikuwa zimelala kwenye kompyuta moja muda wote huo, lakini sikuwahi kuziweka bega kwa bega.

Sasa ile chaji hasi iliyokosekana ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya asidi za mboji. Maji yanayopita kwenye mchanga na majani yanayooza hubeba asidi hizi, zenyewe ndizo zinazoyapa rangi ya chai ya rangi, na zikishaachia haidrojeni yao hubaki na chaji hasi ambayo haimo katika orodha ya kawaida ya ioni za maabara. Kila miligramu ya kaboni ya mboji hubeba mikroikwivalenti (kizio cha kuhesabia chaji) kadhaa za chaji hasi. Katika mto wenye chumvi nyingi kiasi hicho hakionekani, lakini katika kijito ambacho chaji zake zote chanya hazizidi mikroikwivalenti mia moja au mia mbili kwa lita, asidi za mboji zinaweza kuwa nusu ya hadithi au zaidi. Haidrojeni yenyewe pia ihesabiwe kama ioni: kwenye pH ya 4.6 ziko mikroikwivalenti 25 kwa lita, na hizo peke yake huchangia karibu mikrosimensi 9 kwa sentimita katika upitishaji umeme wa maji yako. Usipolijua hilo utadhani ni chumvi za miamba. Mimi niliandika sura nzima kuhusu jinsi asidi ya kaboniki inavyoyeyusha miamba chini ya kijito ambacho, kwa hakika, kilikuwa kikilishwa na majani yanayooza. Sura ilifutwa yote. Ufadhili ulikuwa umekwisha, sampuli zilikuwa na asidi na hazikufaa kupimwa upya, kwa hiyo nilirudi mtoni kwa fedha zangu. Pikipiki yangu sasa ina mwenyewe mwingine.

Kuna mchangiaji hapo juu aliyeandika kwamba haya yote ni kujisumbua, kwamba macho yanatosha kwa kuwa Harald Sioli, mwanasayansi wa maji Mjerumani, aliigawa mito ya Amazon kwa rangi. Nasema hapana. Mwanaasili Mwingereza Alfred Russel Wallace ndiye aliyetaja maji meupe, ya buluu na meusi ya Amazon mwaka 1853, na Sioli, karne moja baadaye, aliziunganisha rangi hizo na kemia na jiolojia. Hakuishia kwenye rangi. Mgawanyo huo ulifaa Amazon kwa sababu huko rangi inafuata asili ya mto. Solimões, yaani Amazon kabla ya kukutana na Rio Negro, hubeba matope ya milima ya Andes na pH yake iko karibu na 7. Rio Negro hutoka kwenye mchanga uliokwisha kulowa na kusafishwa, pH yake ni kama 4 hadi 5 na upitishaji umeme wake ni karibu mikrosimensi 10 tu. Tapajós na Xingu hutoka kwenye miamba ya kale iliyochakaa na maji yake ni maangavu. Mto Ruki unaoingia Kongo pale Mbandaka ungekaa vizuri kando ya Rio Negro. Lakini nenda Arusha, kwenye miteremko ya Mlima Meru, ukautazame Mto Maji ya Chai. Kwa macho ungeuita mto mweusi. Kwa kemia ni maji ya sodiamu na bikaboneti yanayotoka kwenye miamba ya volkano, yana kalsiamu kidogo, na kwa sababu hiyo floraidi hubaki imeyeyuka kwa kiwango kinachopita mbali kikomo cha Shirika la Afya Duniani cha miligramu 1.5 kwa lita. Anayeamini macho pale analipa kwa meno ya watoto.

Hata kwako hapo Kisangani, Lualaba, yaani Mto Kongo wa juu, imekwisha kupokea, kupitia Mto Lukuga, maji ya Ziwa Tanganyika yenye magnesiamu na bikaboneti tele. Ukichota katikati ya mto mkubwa na ukachota kwenye kijito cha msituni kilomita chache kutoka hapo, hayo ni maji ya asili mbili tofauti. Bikaboneti iliyopimwa kwa haki itakuonyesha hilo mara moja.

Basi fanya hivi. Chuja maji kwa kichujio cha mikromita 0.45 ukiwa ukingoni. Chupa ya kwanza itie asidi, kwa ajili ya metali. Ya pili usiitie chochote, ijaze hadi mdomoni bila kuacha hewa, iweke kwenye barafu, kwa ajili ya kloraidi na salfeti. Ya tatu iwe ya kioo cheusi, kwa ajili ya kaboni ya mboji. Bikaboneti usimpe mtu: chukua maji yaliyochujwa yasiyo na asidi, pima pH, kisha dondoshea asidi hafifu unayoijua nguvu yake hadi pH ifike karibu 4.5, siku hiyo hiyo, kabla hujapanda mtumbwi; kiasi cha asidi ulichotumia ndicho kinachokupa bikaboneti. Kama pH ya mto tayari iko chini ya hapo, andika sifuri na usione haya. Maabara waandikie mapema, kwa barua, kwamba safu ya bikaboneti waiache wazi. Majibu yakija, piga mizani mwenyewe ukihesabu na haidrojeni, na pengo lolote la chaji hasi liache lilivyo. Lilinganishe na kaboni ya mboji: vikipanda pamoja huku pH ikiwa chini, hapo una mto mweusi na unaweza kuutetea mbele ya mtahini yeyote. Pengo likiwa kubwa na kaboni ya mboji ikiwa ndogo, kuna kipimo kimekosewa, na mto huo usiupe jina lolote bado.

Anza na kijito kimoja tu. Weka hapa jedwali lake pamoja na pH uliyoisoma ukiwa umesimama majini, tulipigie hesabu pamoja kabla hujakodi mtumbwi wa kwenda kwenye vingine.