Jino likicheza, usikimbilie kuling'oa

Ukiambiwa una ugonjwa mkali wa fizi na meno yameanza kucheza, mtaani utashauriwa ung'oe yote uweke ya bandia, upumzike. Nakusihi, subiri kwanza. Ninaishi na ugonjwa huu miaka mingi sasa, na meno ya mbele ya chini, ambayo yalikuwa yakisogea nikiyasukuma kwa ulimi, bado ninayo na ninayatumia kila siku.

Ugonjwa huu hauli jino, unakula mfupa unaolishikilia. Ukoga ukikaa kwenye fizi hugeuka ugaga, yaani uchafu mgumu kama jiwe, fizi inaachana na jino, na pale katikati panakuwa na mfuko. Ndiyo maana jino linaweza kuwa jeupe, halina tundu wala haliumi, kumbe mfupa unaondoka.

Kwa hiyo dai vipimo. Daktari anaingiza kijiti chembamba chenye alama za milimita kati ya fizi na jino, sehemu sita kulizunguka kila jino, na msaidizi anaandika. Milimita 1 hadi 3 ni salama. Kuanzia 6, mswaki haufiki kabisa. Mimi nilikuwa nimelala pale kwenye kiti nikisikia "saba, nane, sita, saba" na moyo unakwenda mbio. Hiyo karatasi ipige picha kwa simu, maana ndiyo utakayolinganishia baadaye, hata ukihama kliniki.

Kisha unachomwa ganzi na ugaga unakwanguliwa mpaka kwenye mizizi. Uvimbe ukiisha fizi hurudi nyuma, meno yanaonekana marefu, na maji baridi yanakukunja uso. Wengi hapo huamini wameharibiwa meno, wakaacha matibabu. Usiache. Kusikia baridi hupungua taratibu.

Kinachookoa meno hasa ni kurudi kusafishwa kila baada ya miezi 3 au 4, hata kama husikii chochote, kwa sababu bakteria huota tena kwenye ile mifuko. Mwaka 1978 Hirschfeld na Wasserman, madaktari wa Marekani, walichapisha matokeo ya wagonjwa 600 wa fizi waliokuwa wakirudi kuhudumiwa kwa wastani wa miaka 22. Wagonjwa 300 hawakupoteza hata jino moja kwa ajili ya fizi, na 199 walipoteza 1 hadi 3 tu. Meno 2,139 yalitiliwa shaka tangu mwanzo, na yaliyopotea ni 666. Hesabu hizo zilinipa nguvu siku ambazo nilitaka kukata tamaa. Gharama inauma, najua, lakini ulizia bei ya kuweka jino la kupandikiza halafu ulinganishe.

Nyumbani, kazi kubwa iko katikati ya meno. Nunua viburashi vidogo vya kupitisha humo, saizi inayoingia kwa kubana kidogo bila kulazimisha, na palipobana sana tumia uzi wa kusafishia meno. Damu ikitoka siku za mwanzo endelea, itakata fizi zikitulia. Pima sukari pia, kwa kuwa kisukari na fizi mbaya huchocheana. Na kama unavuta sigara, hapo nakuomba kwa dhati uache: sigara huzuia fizi kutoa damu, ukajiona mzima huku mfupa unaisha.

Si kila jino litabaki. Magego ndiyo magumu zaidi, kwani ugonjwa ukifika pale mizizi inapoachana, kusafisha ni shida. Gego langu moja lilikuwa linatoa usaha kila mara, tukakubaliana na daktari litoke. Lakini muulize daktari sababu ya kila jino, moja moja, huku picha ya eksirei iko mbele yenu, na kama jibu ni "linacheza" tu, uliza kama linaweza kufungwa pamoja na wenzake.

Ugonjwa huu pia hutembea katika familia, kwa hiyo waambie ndugu zako wa damu nao wakapimwe fizi, hata wale wasioumwa.