Kumpa mteja intaneti kwenye redio ya gari: kwa fundi anayeanza

Kijana akiingia kwenye kazi ya kufunga redio za magari, anafundishwa nyaya kwanza. Wa njano, mwekundu, mweusi, spika nne, kamera ya nyuma. Ndivyo inavyotakiwa. Intaneti inaachwa mpaka mwisho, mteja ameshashika ufunguo, na mara nyingi anasukumiwa yule mdogo kuliko wote gereji kwa kuwa yeye ndiye "anajua mambo ya simu". Nilianza hivyo hivyo, Dar es Salaam, mtaa wenye maduka ya redio kila mlango. Tulikuwa tunawasha hotspoti, yaani simu kugawa intaneti yake kwa Wi-Fi, video inafunguka, mteja anafurahi, anaondoka. Kesho yake saa moja asubuhi simu inaita: "Fundi, redio yako haina intaneti. Jana si ilikuwa nayo?"

Kazi hii haijaisha video inapofunguka mbele ya mteja. Imeisha gari likishazimwa, ufunguo ukatoka, mkakaa dakika kumi, likawashwa tena na redio ikaishika simu bila mkono wa mtu. Ukilishika hilo tangu siku ya kwanza, utapunguza nusu ya simu za asubuhi.

Kwanza ujue kwa nini wateja ni wengi. Magari yetu mengi, IST, Vitz, Noah, Harrier, yametoka Japani yakiwa na redio za kwao. FM ya Japani inaanzia 76 na kuishia 90, za miaka ya karibuni 95, wakati stesheni zetu zimetawanyika mpaka 108. Maandishi ni ya Kijapani, na redio nyingi zenye ramani zinajifunga mara tu betri ikichomolewa, zinadai kadi au namba ambayo mwenye gari hajawahi kuiona. Kwa hiyo anakuja kutaka redio ya Android yenye kioo kikubwa. Kioo anapata, ila redio nyingi za aina hiyo hazina sehemu ya laini. Intaneti yake itoke kwenye simu.

Kabla hujagusa setingi yoyote, muulize mteja anataka kufanya nini. Watu wengi wanaoomba intaneti kwenye redio hawaihitaji. Anayetaka muziki na kupokea simu anatosheka na Bluetooth: simu inapiga wimbo kwa data yake, redio inatoa sauti tu. Na kama redio ina Android Auto au CarPlay, hata ramani inaendeshwa na simu yenyewe, kioo kinaonyesha tu. CarPlay ilitoka 2014, Android Auto 2015, na siku hizi hata redio za bei ya kawaida zinazo. Mteja wa namna hiyo usimwashie hotspoti kabisa. Android Auto na CarPlay zisizotumia waya zinasalimiana kwa Bluetooth, kisha zinahamia kwenye Wi-Fi iliyo kati ya simu na redio. Ukiilazimisha simu itoe na hotspoti wakati huohuo, mara nyingi vinagombana, na mteja ataona kioo kinakatika kila baada ya muda bila kuelewa sababu. Hotspoti ni ya yule anayetaka programu zilizomo ndani ya redio zifanye kazi zenyewe.

Sasa nikusimulie la mama mmoja na Noah yake, kwa kuwa limenifundisha kuliko semina yoyote. Alikuja analalamika kwamba Wi-Fi inaonyesha imeshika, mistari imejaa, lakini hakifunguki kitu. Redio ilikuwa imefungwa kwingine. Nikajaribu simu yake, nikajaribu yangu, hali ileile. Nikafungua dashibodi, nikabadilisha antena, nikarudisha redio kwenye hali ya kiwandani. Saa nzima imekwenda, mama amekaa kwenye benchi anaangalia saa yake ya mkononi. Nikafuata macho yake, ndipo nikaangalia saa ya redio. Pale pembeni juu ya kioo paliandikwa tarehe 1 Januari 2015.

Ugonjwa ulikuwa huo. Tovuti na programu za sasa zinathibitisha utambulisho wao kwa cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Redio inayoamini tuko 2015 inaona cheti bado hakijaanza kutumika, inakikataa. Intaneti ipo, mlango umefungwa. Na tarehe ilikuwa inarudi nyuma kwa sababu aliyefunga aliusokota waya wa njano pamoja na mwekundu, yote miwili ikala umeme wa swichi, ule unaokatika ufunguo ukitoka. Ufunguo ukitoka, redio inakufa kabisa, saa inapotea, na saa yenyewe ilikuwa imewekwa ya kurekebisha kwa mkono. Jioni mtu akiirekebisha inafanya kazi; asubuhi imerudi kulekule. Nilitenganisha zile nyaya, nikaupeleka wa njano kwenye umeme usiokatika, nikaruhusu saa ijirekebishe kwa mtandao. Gari halijarudi tena kwa shida hiyo.

Tangu siku ile, redio ikisema imeunganishwa lakini haina intaneti, kitu cha kwanza ninachotazama ni saa. Ni sekunde mbili, na huhitaji bisibisi. Nyaya zako mwenyewe zipime kwa mita, usiamini macho: zima gari, toa ufunguo, wa njano wa redio lazima uendelee kusoma volti 12 hivi, na mwekundu usome sifuri. Rangi za upande wa gari hazifuati rangi za redio, hasa kwenye Toyota, kwa hiyo anayeunganisha njano kwa njano anabahatisha. Ukikosea upande wa pili, ukaweka zote mbili kwenye umeme wa kudumu, redio haitalala usiku, na asubuhi mteja atakuta betri imekwisha. Hapo hatakupigia kuhusu intaneti.

Shida inayofuata kwa wingi ni redio kutoiona simu kabisa. Mteja amewasha hotspoti, wewe unatafuta kwenye orodha, jina halipo. Usifungue dashibodi. Chukua simu ya pili utafute nayo. Kama simu ya pili inaiona na redio haiioni, tatizo mara nyingi ni masafa. Simu nyingi za sasa zinaweza kurusha hotspoti kwenye gigahezi 5, na redio za bei nafuu zinasikia 2.4 tu. Kwenye Android ingia setingi za hotspoti, tafuta sehemu ya bendi, weka 2.4. Kwenye iPhone kuna swichi imeandikwa Maximize Compatibility, iwashe. Angalia na aina ya ulinzi: simu ikiwa kwenye WPA3, redio ya zamani inaliona jina lakini inakataa neno la siri hata ukiliandika mara kumi. Rudisha WPA2. Nimeona mafundi wakigombana na mteja kuhusu neno la siri kumbe liko sahihi tangu mwanzo.

Ila usiwe na mazoea ya kuweka 2.4 kila gari. Bluetooth nayo inatumia masafa hayohayo, na redio inayopokea vyote kwa pamoja inaweza kukatakata sauti. Redio ikiisikia 5, iache huko. Kutoka kwenye simu mpaka kwenye dashibodi hakuna umbali wa kuogopa. Na kabla hujalaumu simu, hakikisha ile antena fupi ya Wi-Fi iliyokuja kwenye boksi imefungwa nyuma ya redio. Mara nyingi inasahaulika pamoja na misumari ya ziada.

Kushika yenyewe asubuhi ndiko kunakotaka uvumilivu. Simu nyingi za Android zina setingi ya kuzima hotspoti kama hakuna kifaa kilichounga baada ya dakika kadhaa. Izime hiyo, au umweleze mteja faida na hasara. Samsung ina sehemu ya taratibu za kujiendesha ambako unaweza kuagiza hotspoti iwake kila Bluetooth ya gari ikiunga. Mzee mmoja dereva wa familia nilimwekea hivyo, naye hajui hata hotspoti ni nini. Anawasha gari tu. Kwenye iPhone mwambie mteja ukweli: hotspoti yake ikikaa bila kutumika inajificha, na mara nyingi itabidi afungue ule ukurasa wa Personal Hotspot ndipo redio iione. Mwenye iPhone namshauri achukue redio yenye CarPlay, na sioni haja ya kumficha hilo ili tu nimuuzie ile iliyopo dukani.

Ipo pia njia ya kugawa intaneti kwa Bluetooth au kwa waya wa USB. Bluetooth inakula chaji kidogo, lakini ni ya polepole. Muziki utapita, video itakusumbua. USB ni imara pale redio inapoikubali, na nyingi hazikubali. Jaribu kabla ya kuahidi.

Halafu bando. Mteja hapaswi kulijua suala hili kwa kulia. Mpigie hesabu. Muziki wa kilobiti 128 kwa sekunde unakula karibu MB 58 kwa saa. Wa 320 unakula MB 144. Mtu wa Mbagala au Tegeta anayekaa barabarani saa nne kwa siku, kwenda na kurudi, kwa ubora wa juu anamaliza zaidi ya MB 570 kwa siku moja bila kuangalia picha yoyote. Video za ubora wa 720 zinaweza kufika GB moja kwa saa. Mshushie ubora wa sauti. Kwenye gari lililofungua vioo, barabara ya vumbi, hatausikia utofauti.

Lakini kinachomaliza bando kimyakimya ni apdeti. Redio inaweza isijue kwamba Wi-Fi hii ni simu ya mtu. Ikidhani iko nyumbani kwenye intaneti ya mwezi, inaanza kupakua matoleo mapya ya programu zote ilizokuja nazo, na nyingine mteja hatazifungua maisha yake yote. Zima apdeti za kujiendesha kwenye Play Store ya redio. Kisha ingia kwenye ule mtandao uliounga, redio ikiwa na chaguo la kuuhesabu kama mtandao wenye kikomo cha data, uweke hivyo. Kwenye simu usiwashe ile setingi ya kubana data, maana kwenye simu nyingi za Android ikiwa imewaka, swichi ya hotspoti inakataa kabisa. Nimeletewa simu "mbovu" ambazo shida yao ilikuwa hiyo tu.

Mfundishe mteja mahali pa kuweka simu. Inayotoa hotspoti huku inachajiwa inapata moto wenyewe. Ukiiweka juu ya dashibodi saa saba mchana unaiongezea jua. Apple wanasema iPhone itumike kwenye joto lisilozidi nyuzi 35, na ndani ya gari lililoegeshwa juani Dar unapita hapo haraka sana. Ikizidi, simu inajizuia, na mteja anasema redio imeharibika. Ikae chini karibu na gia, ichajiwe kwa chaja ya gari yenye nguvu. Tundu la USB la redio mara nyingi linatoa umeme mdogo, simu inachajiwa na bado asilimia inashuka.

Kuna waya mmoja wa breki ya mkono unaozuia video wakati gari linatembea. Wateja wataomba uupeleke kwenye bodi ya gari ili video ichezwe muda wote, na mafundi wengi wanafanya. Mimi nimekataa na nimepoteza wateja. Ukishampa mtu intaneti na kioo cha inchi 9 mbele ya macho yake kwenye barabara ya Morogoro, wewe ndiye unayeamua kama atakuwa anaangalia lori au anaangalia mpira. Kataa mapema, kabla hujapokea hela.

Anayesafiri mpakulie ramani kabla hajatoka, kwa intaneti ya gereji. GPS haihitaji bando, picha ya ramani ndiyo inayohitaji, na kuna maeneo kama hifadhi ya Mikumi au mlima Kitonga ambako hutaki mtu awe anategemea mtandao ndipo ajue mbele kuna nini.

La mwisho ni simu yako wewe. Utajaribu redio kwa hotspoti yako, ni kawaida. Siku moja bando langu lilikuwa linashuka nikiwa nimekaa tu. Nikafungua orodha ya vifaa vilivyounga, nikakuta redio ya mteja niliyemfungia wiki mbili nyuma. Gari lake lilikuwa limeegeshwa nje ya gereji, anamsubiri mwenzake, watoto nyuma wanaangalia katuni. Redio ilikuwa inanikumbuka. Tangu hapo, kabla sijakabidhi ufunguo nafuta jina la simu yangu kwenye redio. Akaunti yangu ya Google siiweki humo kabisa, na neno la siri la akaunti yake anaandika mwenyewe, mimi nikiwa nimegeuka. Nikimaliza hayo namwomba azime gari, atoe ufunguo, tukanywe chai.