Kujenga Upya Gari la Mashindano: Uliza Kwanza Mzigo Unakwenda Wapi

Mtu anayenunua gari la mashindano lililokwisha kutumika, au anayeamua kulifumua la kwake na kulijenga upya, mara nyingi huanza na swali la injini: nguvu itaongezwaje? Kwa uzoefu wangu wa kuyahudumia magari ya madereva wasio wa kulipwa, swali hilo lafaa liwe la mwisho. Katika gari la uwanjani hakuna kifaa kinachobadilishwa peke yake. Ukifunga tairi zinazoshika zaidi barabara, umeongeza mzigo kwenye beringi za magurudumu, kwenye stadi zinazobeba nati, kwenye bushi na, jambo ambalo wengi hawalitarajii, kwenye mfumo wa oili wa injini. Kwa hiyo kila unapokusudia kuboresha kitu, uliza kwanza mzigo huo utakwenda wapi, na kile kitakachoupokea kiko katika hali gani.

Kabla ya kushika spana, soma kanuni za daraja unalotaka kushindania, tena uzisome hadi ukurasa wa mwisho. Si mara moja nimeona gari lililotengenezwa vizuri likihamishiwa daraja la juu kwa sababu ya kifaa kimoja kidogo ambacho mwenyewe alikiona ni cha kawaida, na huko juu likakutana na magari ambayo lisingeweza kuyafukuza hata siku moja. Kanuni ndizo pia zitakazokuambia kizimba cha mabomba, kinachomkinga dereva gari likipinduka, kijengwe kwa vipimo gani. Kwa kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la mashindano ya magari, bomba la upinde mkuu, ule ulio nyuma ya dereva, huwa la chuma kisicho na mshono, lenye kipenyo cha milimita 45 na unene wa milimita 2.5, au kipenyo cha milimita 50 na unene wa milimita 2. Kazi hii mpe fundi wa kuchomelea anayeielewa, na uifanye wakati gari likiwa tupu, kwa maana kizimba kinachoingizwa baada ya nyaya na dashibodi kurudishwa huishia kuchomelewa upande mmoja tu wa bomba.

Kiti na mikanda huenda pamoja na kizimba. Mikanda ya mabega isishuke nyuma ya kiti kwa pembe kali: ikizidi nyuzi 45 chini ya ulalo, nguvu ya mgongano inayopaswa kuzuiwa na mkanda huukandamiza uti wa mgongo wa dereva. Mikanda ina tarehe ya kwisha muda wake iliyoandikwa kwenye lebo, na muuzaji wa gari kuukuu mara chache huitaja.

Sasa fumua. Hatua hii ndiyo inayoamua ubora wa kazi nzima, nayo ndiyo wageni huipitia kwa haraka kuliko zote. Kabla ya kulegeza bolti ya kwanza, ipime injini ikiwa bado ndani ya gari: pima mgandamizo wa kila silinda, kisha pima uvujaji kwa kuingiza hewa yenye shinikizo linalojulikana huku pistoni ikiwa juu kabisa. Kipimo cha kwanza hukuonyesha kwamba silinda fulani ni dhaifu. Cha pili hukuonyesha sababu yake, maana hewa inayosikika kwenye bomba la moshi imepita valvu ya kutolea, inayosikika kwenye tundu la kujazia oili imepita ringi, na mapovu ndani ya rejeta ni dalili ya gasketi ya silinda hedi au ya ufa. Piga picha za kila kiungo, tia bolti kwenye mifuko yenye maandishi, na usiamini kumbukumbu yako hata kidogo.

Baada ya kufumua, safisha hadi chuma chenyewe kionekane, kwa sababu ufa haujifichui chini ya grisi. Angalia kwa makini mahali mikono ya magurudumu inaposhikana na bodi, pembeni mwa mishono ya kuchomelea, na shingo za habu. Pale unapotilia shaka, tumia rangi ya kupenyeza ambayo huingia ndani ya ufa na kubaki humo baada ya uso wa chuma kufutwa. Beringi za magurudumu, stadi, viungo vya mpira na mipira ya maji na ya mafuta vibadilishwe vyote kama historia yake haijulikani. Stadi ya gurudumu haitoi onyo kabla ya kukatika, na kwa bei yake sioni sababu ya kuibakiza.

Breki ndizo za kwanza kuboreshwa, na hesabu yake ni nyepesi: gari linalokimbia kilomita 160 kwa saa lina nishati ya mwendo mara nne ya lile linalokimbia 80, na nishati hiyo karibu yote hugeuka kuwa joto ndani ya diski na pedi, kona baada ya kona, bila muda wa kutosha kupoa. Tatizo la kwanza kwa kawaida ni mafuta ya breki wala si udogo wa kalipa, kile kifaa kinachozibana pedi kwenye diski. Mafuta ya DOT 4, yakiwa mapya, hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, lakini yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa, na yakishafikia takriban asilimia 3.7 ya maji, kiwango hicho cha chini hushuka hadi 155. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubanika, ndipo kanyagio huzama hadi sakafuni bila gari kupungua mwendo. Mafuta yaliyotengenezwa kwa mashindano huvuka nyuzi 300 yakiwa mapya. Yafungue yakiwa mapya, yabadilishe mara kwa mara, na usiweke yale ya silikoni ya DOT 5 katika mfumo uliokuwa na aina nyingine. Baada ya hapo weka pedi za uwanjani, kisha peleka hewa kwa bomba hadi katikati ya diski, mahali inapovutwa kuelekea nje kupitia matundu ya ndani. Hatua hizi tatu zikikamilika, wengi hawahitaji kalipa kubwa. Ukizifunga kalipa kubwa mbele peke yake, umebadilisha mgawanyo wa nguvu kati ya mbele na nyuma pamoja na mwendo wa kanyagio, na utalazimika kuvisawazisha upya.

Turudi kwenye oili, niliyoigusia mwanzoni. Katika kona ndefu, tairi zinazoshika vizuri huifanya oili ipande ukuta mmoja wa sampu, bakuli la oili chini ya injini, na kuuacha mdomo wa pampu ukivuta hewa. Sekunde chache za hali hiyo zinatosha kuharibu beringi za konrodi, zile fimbo zinazounganisha pistoni na krenkshafti. Kuta ndogo za kuizuia oili ndani ya sampu, pamoja na taa kubwa ya onyo la shinikizo iliyo mbele ya macho ya dereva, ni vitu vya kufungwa kabla ya tairi hizo. Mshale mdogo pembeni mwa dashibodi hauonwi na mtu aliyeko katikati ya kona. Kwa upande wa upoezaji, ziba mianya yote inayouzunguka rejeta ili hewa isipate njia ya kuikwepa, kisha uliza kama waandaaji wanaruhusu glaikoli, ile dawa inayochanganywa na maji ya rejeta, kwani wengi huikataza kwa sababu ikimwagika huacha utelezi mkali barabarani.

Kuhusu shokapu na springi nitasema machache, kwa kuwa gari lenye bushi nzima na vipimo sahihi hushinda lenye shokapu za gharama lililofungwa kwa kukisia. Pima uzito wa kila gurudumu ukiwa umekaa kwenye kiti, au uzito wako umewekwa hapo, na tangi likiwa na kiasi cha mafuta unachokimbia nacho. Rekebisha urefu wa springi hadi magurudumu yanayotazamana kwa mshazari yabebe karibu nusu kwa nusu ya uzito wote. Uwanjani, pima joto la tairi mahali patatu, ndani, katikati na nje, mara tu gari linapoingia. Katikati pakiwa na joto kuliko kingo zote mbili, upepo umezidi. Ukingo wa nje ukiwaka kuliko wa ndani, gurudumu linahitaji kuinamishwa zaidi kuelekea ndani upande wa juu. Badilisha jambo moja kwa kila safari na uliandike, la sivyo hutajua lipi lililosaidia.

Nguvu ya injini sasa inaweza kujadiliwa, ingawa ningependelea uijenge kwanza kwa vipimo vya kiwandani, kwa bolti mpya za konrodi na mianya ya beringi iliyopimwa kwa uzi wa plastiki badala ya kukisiwa kwa mkono. Nguvu zaidi huhitaji klachi, giaboksi na rejeta zinazoiweza.

Siku ya kwanza uwanjani haifai kuwa ya mashindano. Zunguka polepole, ingia, kagua uvujaji, na usivute breki ya mkono diski zikiwa moto, kwani pedi zitaacha alama pale zilipogandamana. Badala yake weka kigingi kwenye tairi. Rimu zikishapoa, kaza nati tena kwa spana yenye kipimo. Jioni mwaga oili, kata kichujio chake na uikunjue karatasi ya ndani. Unga mwembamba wa chuma ni wa kawaida kwa injini mpya, lakini ukiona chembe za rangi ya shaba, usiiwashe tena kabla ya kufungua sampu na kuzitazama beringi.