Mashine inaanguka dakika moja baada ya kuwaka: simamisha kwanza fsck ya nyuma ya pazia

Umeeleza kwamba seva yako ya FreeBSD (mfumo endeshi wa jamii ya Unix) ilizimika umeme ulipokatika, na tangu hapo inawaka vizuri, inafika kwenye login, kisha baada ya kama dakika moja kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, inapaniki (inasimama ghafla kwa kosa isiloweza kulivuka) na kujiwasha upya. Kisha mzunguko uleule tena. Nimewahi kukaa na mashine ya barua pepe yenye tabia hiyohiyo, kwa hiyo nakuomba usiiache iendelee kuzunguka. Kila anguko linaweza kuongeza uharibifu.

Hiyo dakika moja ina sababu. Kwenye rc.conf, faili la mipangilio ya kuwaka, kuna background_fsck_delay: muda wa kusubiri kabla fsck, programu ya kukagua na kurekebisha mfumo wa faili, haijaanza kazi nyuma ya pazia. Thamani yake ya kawaida ni sekunde 60. Muda huo ukiisha, mfumo unapiga snapshoti (picha ya hali ya wakati huo) ya mfumo wa faili ndani ya saraka ya .snap, na fsck inaikagua hiyo snapshoti huku diski ikiendelea kutumika. Utaratibu huu uliingia na FreeBSD 5.0 mwaka 2003, na umejengwa juu ya soft updates. Soft updates hupanga maandishi ya diski kwa mfuatano ambao, umeme ukikatika, kinachobaki kibaya ni bloku (vipande vya nafasi ya diski) na inodi (rekodi za maelezo ya faili) zilizopotea tu: zimeandikwa kuwa zinatumika, na hakuna faili linalozimiliki. Kuzirudisha hizo wakati mashine inafanya kazi ni salama kabisa.

Lakini mpango huo wote unaiamini diski. Diski ikisema imeandika kumbe data bado iko kwenye kashe yake (kumbukumbu ya muda), au RAM ikiwa mbovu, mfuatano unavunjika. Unapata bloku moja inayodaiwa na faili mbili, au saraka iliyochanika. Ukaguzi wa nyuma ya pazia haukuundwa kutengeneza makosa ya aina hiyo, na kerneli inayokutana nayo katikati ya kazi inachagua kusimama kuliko kuandika upuuzi juu ya data yako. Ukiona "freeing free block" au "dup alloc" kwenye ujumbe wa paniki, ujue uko hapa. (Ikiwa mashine inaganda kwa muda kisha inarudi yenyewe, hilo ni jambo jingine: kupiga snapshoti kwenye mfumo mkubwa husimamisha uandishi kwa muda.)

Cha kufanya: kwenye loader, programu inayopakia kerneli wakati wa kuwaka, andika boot -s uingie hali ya mtumiaji mmoja. Hapo mfumo wa faili wa mzizi (/) umepachikwa kwa kusoma tu na mengine hayajapachikwa. Kama una data isiyo na nakala, inakili kwanza kwenye diski nyingine, kwa sababu fsck haiokoi faili, inarudisha mpangilio, na wakati mwingine inafanya hivyo kwa kufuta. Kisha endesha fsck -y (-y hujibu ndiyo kwa kila swali), na uirudie mpaka isiwe na kitu cha kurekebisha. Kama mfumo wako una jono ya soft updates (kumbukumbu ya mabadiliko ya karibuni, inayofupisha ukaguzi), iliyokuja na FreeBSD 9.0, fsck itauliza kama itumie jono, na -y itaikubalia. Wewe hutaki hivyo. Iendeshe bila -y, ujibu hapana kwenye swali hilo, ili ikague kila kitu kuanzia mwanzo. Kwenye mashine ile ya barua, jono ilikuwa inapita kwa sekunde chache na kuuita mfumo safi, wakati saraka za ndani zilikuwa zimeharibika.

Ukimaliza, futa .snap/fsck_snapshot kama imebaki, halafu weka background_fsck="NO" kwenye rc.conf. Kuwaka baada ya kukatika umeme kutachukua muda mrefu zaidi, na kwa maoni yangu ni bei ndogo. Weka pia dumpdev="AUTO", ili paniki ikirudi uwe na nakala ya kumbukumbu ya kerneli ndani ya /var/crash.

Baadaye tafuta chanzo. Tazama smartctl -a, amri inayosoma ripoti ya afya ya diski, hasa Current_Pending_Sector (sekta zenye shaka zinazosubiri) na Reallocated_Sector_Ct (sekta mbovu zilizobadilishwa), kisha pima RAM usiku kucha. Kwetu sekta zilizosubiri zilikuwa zinaongezeka kila siku, tukabadilisha diski na paniki zikakoma. Kama diski yako ni nzima, jaribu kuzima kashe yake ya uandishi na utafute UPS (betri ya akiba ya umeme). Ukipata paniki nyingine baada ya fsck kamili, bandika hapa mistari yake yote pamoja na matokeo ya smartctl, nitaisoma.