Lita 2 zinaingia, mililita 1,800 zinatoka: maji mengine yamekwenda wapi?

SWALI: Mama yangu anasafishwa damu nyumbani kwa njia ya tumbo. Saa 3 usiku tunaingiza lita 2 za maji ya glukosi ya asilimia 1.36, saa 12 asubuhi tunayatoa. Yanatoka mililita 1,800 tu, na mpira hauvuji. Hizo 200 zinapotelea wapi?

JIBU: Zimerudi mwilini, na kwa saa 9 hilo si ajabu. Glukosi huvuta maji kutoka kwenye damu, lakini nayo inanyonywa, hivyo kwa maji hafifu kama hayo mvuto huisha mapema. Unyonyaji wa maji kurudi mwilini hausimami: kwa mtu mzima ni takriban mililita 1 hadi 1.5 kila dakika, usiku kucha.

Katika hizo, mililita 0.2 hadi 0.3 hivi hupita moja kwa moja kwenye mirija ya limfu, ile inayorudisha maji ya mwilini kwenye damu. Upande wa chini wa kiwambo, ule msuli wa kupumulia, kuna vitundu vidogo sana. Mtu akitoa pumzi hupokea maji; akivuta, maji husukumwa juu kifuani hadi kwenye mishipa ya damu. Limfu haichuji: inabeba maji pamoja na taka, yaani urea na kreatinini, zilizokwisha kutolewa kwenye damu. Kiasi kikubwa kinachobaki husukumwa na shinikizo la tumbo kuingia kwenye nyama za ukuta wake. Ndiyo maana kuongeza ujazo kupita kiasi hakusaidii.

Kabla ya kuilaumu limfu, pimeni vizuri. Mifuko mingi hujazwa zaidi ya kilichoandikwa, na maji mengine hutumika kusuuzia mirija ya mfuko. Pimeni kwa mizani mfuko kabla na baada ya kuingiza, kisha wa kutolea ukiwa mtupu na ukiwa umejaa; gramu 1 ni kama mililita 1. Mama akigeuka ubavu na maji yakaongezeka, hayakunyonywa, yalibaki tumboni: mara nyingi ni choo kigumu au mpira umehama. Uvimbe wa upande mmoja wa tumbo au sehemu za siri ni dalili ya kuvuja ndani kwa ndani.

Dawa ya kufunga limfu hatuna. Daktari anaweza kufupisha muda wa usiku au kuandika maji ya ikodekstrini (aina ya wanga inayotumika badala ya glukosi) ya asilimia 7.5, mfuko mmoja kwa siku. Molekuli zake ni kubwa, huondoka polepole, hasa kwa limfu, hivyo mvuto hudumu saa 8 hadi 16. Kama mama ana kisukari, ulizeni kwanza aina ya vijiti vya glukometa (kipima sukari): ikodekstrini huvunjwa mwilini kuwa sukari iitwayo maltosi, na vijiti vya GDH-PQQ husoma maltosi kama glukosi, na mtu huchomwa insulini sukari ikiwa tayari iko chini.

Msipandishe asilimia ya glukosi wenyewe. Ombeni kipimo cha utando wa ndani ya tumbo, ule unaochuja damu: maji ya asilimia 3.86, lita 2, saa 4. Yakivutwa pungufu ya mililita 400, utando haukamui maji inavyotakiwa. Miguu ikivimba, uzito ukipanda kila asubuhi au akihema alalapo, mpelekeni kliniki siku hiyohiyo pamoja na daftari la vipimo.